Sifuri Niliyoiandika Mwenyewe

Siku mama aliponitumia karatasi za mahakama nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia, Riyadh, nikikunja soksi za mtoto wa watu. Jozi saba, moja kwa kila siku, na mbili za ziada kwa sababu mtoto huyo hawezi kuona maji asiyakanyage. Simu ikatetemeka juu ya sanduku. Mamangu hajui kupiga picha ya karatasi. Picha zote sita zilikuwa zimepinda, na mbili zilikuwa na kidole chake gumba pembeni, lakini neno moja lilisomeka vizuri: ulezi. Baba wa mtoto wangu alikuwa ameenda mahakamani kumdai binti yetu.

Nieleze mara moja nani alikuwa wapi, maana hata hakimu alichanganyikiwa. Mimi nilikuwa Riyadh, mfanyakazi wa ndani. Mwanamume niliyetalikiana naye alikuwa Jeddah, dereva wa familia moja mtaa wa Al-Rawdah. Binti yetu wa miaka sita hakuwa kwa yeyote kati yetu. Alikuwa Kenya, upande wa Magharibi, kwa mamangu, ambaye yeye humwita kukhu kama watoto wote wa kwetu wanavyomwita nyanya. Baba yake alitaka atolewe hapo, apelekwe kwa nyanya wa pili, Machakos. Yaani wazazi wawili walio Saudia walikuwa wanagombania mtoto aliye Kenya, ili alelewe na bibi huyu au bibi yule. Lakini karatasi hazikusema hivyo. Zilisema kwamba mama "amemtelekeza mtoto na kwenda ughaibuni", na kwamba baba "anatafuta riziki nchi za nje". Nilizisoma sentensi hizo mbili nikiwa bado nimeshika soksi. Kutoka ughaibuni kwangu hadi nchi za nje kwake ni saa moja na nusu kwa ndege.

Picha ya sita ndiyo iliyonitoa jasho. Ilikuwa fomu yenye uso wangu. Miaka minne nyuma, nywele zimefungwa, sare ya buluu ya kuazima, mikono mbele. Fomu ya wakala aliyenileta huku, ile wanayowaonyesha waajiri ili wachague. Jina, urefu, uzito, dini, kama unaogopa mbwa, kama unaweza kulea mzee. Kisanduku cha kumi na moja: idadi ya watoto. Ndani yake kulikuwa na sifuri.

Ningependa kusema ni wakala aliyeiandika. Wasichana wengi wangesema hivyo na wangekuwa wanasema kweli. Kwangu haikuwa hivyo. Tulikuwa wanane kwenye chumba kimoja Nairobi, tunajaza fomu baada ya kufundishwa kutumia mashine ya kufua na kusema naam kwa sauti ya chini. Mwalimu wetu, mama mnene aliyekuwa amekaa Jeddah miaka mingi, alipita nyuma yetu akisema, "Wenye watoto wadogo, hapo kumi na moja wacheni wazi. Wakiuliza, mtajibu. Hawaulizangi." Binti yangu alikuwa na miaka miwili na bado alikuwa akinyonya aliposhikwa na usingizi.

Wale wengine saba waliacha wazi. Mimi sikuweza. Sijawahi kuweza kuacha kisanduku wazi kwenye fomu yoyote. Nikiacha nafasi tupu, usiku mzima nahisi kama nimeacha mlango wa nyumba haujafungwa. Niliandika sifuri. Niliiandika vizuri, duara lililofungika juu, nikaipuliza wino ukauke. Mwalimu aliporudi aliiona akacheka. "Huyu atapendwa," akasema. "Huyu ana mkono wa benki."

Nikapendwa. Madam aliniambia baadaye kwamba alichagua fomu yangu kati ya kumi kwa sababu ilikuwa safi.

Madam pia alikuwa ametalikiwa. Ana mtoto mmoja, msichana, umri sawa na wangu, wamepishana wiki tatu. Baba wa msichana huyo anaishi Jeddah, kwenye jumba la Al-Hamra karibu na bahari, na yeye pia alikuwa mahakamani akimtaka mtoto ahamie kwake. Kwa hiyo nyumba niliyoajiriwa nayo ilikuwa inaumwa ugonjwa uleule, ila wao walikuwa na mawakili wanne na tiketi za ndege. Kila baada ya wiki mbili, na likizo zote, mtoto alipelekwa Jeddah, na aliyempeleka ni mimi. Madam hakutaka kuonana na mumewe wa zamani. Baba hakutaka kuonana na madam. Walichokubaliana ni kwamba wote wawili wangeonana na mimi.

Mwanzoni walilaumiana kwa kila kitu. Mtoto ana pumu, na mara moja pampu yake ya dawa ilibaki Riyadh. Baba akasema madam alifanya kusudi. Madam akasema baba ameitupa. Walinipigia simu kwa zamu, kila mmoja akipiga kelele, mimi nikiwa katikati na mtoto anayekohoa. Tuliporudi nikanunua daftari kubwa la jalada gumu, nikachora mistari kwa rula, nikaanza kuandika. Nguo zilizotoka, nguo zilizorudi. Dawa, saa ngapi, mipulizo mingapi. Amekula nini, ameacha nini. Amelala saa ngapi, ameamka akilia au hakulia, amemuulizia nani. Hakuna aliyeniagiza. Niliandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, na neno nisilolijua nililitafuta kwenye simu mpaka nikalipata. Kosa nililifuta kwa wino mweupe, na wino mweupe ukichafua nilichana ukurasa nikaanza upya.

Mwaka wa tatu wakili wa madam aliliona daftari mezani. Alilifungua kurasa mbili, akakaa. Wiki iliyofuata likatafsiriwa kwa Kiarabu na kupelekwa mahakamani. Madam alininunulia saa ya mkononi. Aliwaambia dada zake, mbele yangu, kwa maneno niliyoyaelewa vizuri, kwamba hata yeye mama mzazi hamjui mtoto wake kama ninavyomjua mimi, na kwamba ni bahati kupata msichana asiye na mtoto wake, moyo wote unabaki hapa.

Nikawapelekea kahawa. Mikono haikutetemeka. Hilo ndilo ninalojichukia nalo zaidi ya sifuri yenyewe, kwamba mikono haikutetemeka.

Sikuwa na wakili. Nilikuwa na simu, na choo chenye komeo. Nilisoma sheria ya watoto nikiwa nimekaa juu ya kifuniko, kifungu kwa kifungu. Nilijifunza kwamba kinachotazamwa kwanza ni maslahi ya mtoto, nikajifunza namna ya kuandika jibu la madai, wapi pa kuweka nambari ya kesi, namna ya kupanga aya. Niliandika kurasa kumi na mbili, mamangu akazichapisha kwa kijana wa kompyuta sokoni, nikagundua kosa kwenye ukurasa wa tisa, nikamfanya arudi sokoni.

"Mama," akaniambia kwenye simu. Kwetu binti huitwa mama hivyo. "Hiyo alama ni ndogo kama mdomo wa mbu. Nani ataiona?"

"Wataiona."

"Magoti yananiuma, mama."

"Mama, tafadhali."

Akarudi. Ana presha, na ni mwendo wa saa moja kwenda tu, jua likiwa kali. Nikimkumbuka akitembea barabarani kwa ajili ya alama ya mkato, nataka kujipiga kofi.

Kesi ilipangwa kusikizwa kwa video, Jumanne, saa tatu asubuhi. Ilianguka katikati ya likizo ya shule, kwa hiyo ningekuwa Jeddah, kwenye jumba la Al-Hamra, pamoja na mtoto wa madam. Kuhusu hilo niliona nafuu. Baba huamka adhuhuri na jumba lake lina chumba cha kufulia chini kabisa, chenye mlango mzito.

Siku mbili kabla ya kesi, asubuhi, nilitoka na taka kwenda kwenye pipa kubwa la barabarani. Gari jeusi nisilolijua lilikuwa limesimama hapo. Kioo kikateremka.

"Mwalimu," akasema.

Ndivyo baba wa binti yangu alivyoniita tangu tukiwa wachumba, kwa sababu nilikuwa nikirekebisha herufi kwenye meseji zake. Alikuwa amenenepa. Shati jeupe, miwani ya jua juu ya kichwa. Miaka minne hatukuwa tumeonana.

"Usisimame hapa," nikamwambia. "Wana kamera."

"Nimekuja kwa amani. Anwani nimeitoa kwa karatasi zako za kesi. Nimewacha bosi kwa daktari wa meno. Niko na nusu saa."

"Fomu yangu uliitoa wapi?"

"Iko huko Facebook bado. Wakala hakuitoa. Rafiki yangu alikuwa anatafutia bosi wake msichana, akaniambia, hebu ona nani huyu." Akatabasamu kidogo. "Umetokea vizuri."

"Unajua kwa nini niliandika vile."

"Mimi najua. Hakimu hajui."

Nilikuwa bado nimeshika mfuko wa taka, maji yake yakinidondokea kwenye kandambili. Nikamuuliza alimwona mtoto lini mara ya mwisho. Akasema ana picha zake. Nikamuuliza mtoto anavaa kiatu namba ngapi. Akasema, "Umeanza."

"Anavaa namba ngapi?"

"Na wewe unajua?"

"Ishirini na nane."

"Ilikuwa ishirini na nane lini?"

Mama alikuwa ameniambia ishirini na nane wakati wa Krismasi, na sasa ilikuwa karibu Agosti.

Akazima injini. Alipozungumza tena hakuwa akinitania. "Sikiza. Mamangu amejenga. Kuna stima, kuna maji ndani, shule iko hapo kwa kona. Mamako anaanguka. Mwenyewe uliniambia alianguka kisimani. Huyo mtoto ndiye anayemchotea maji sasa. Umeambiwa hilo?"

Sikuwa nimeambiwa.

"Basi rudi nyumbani umlee wewe," nikasema. "Kama unamtaka, rudi."

"Mimi ni mwanamume, nitarudi nikafanye nini?"

Hakuwa akitafuta ugomvi. Alisema kama mtu anayesema jua linachoma. Nikatupa taka, nikaingia ndani, nikafunga geti. Nikaosha miguu, kisha nikaosha kandambili, kisha nikasugua ngazi zote tatu za mlango wa nyuma ambazo hakuna aliyezichafua. Ana haki ya kusema mama ameanguka. Hilo ndilo lililonichoma. Angekuwa mwongo mtupu ningelala.

Jumanne nilimwacha mtoto amelala, nikashuka na simu, chaja, kurasa kumi na mbili, na kitambaa cheusi kichwani. Nyuma yangu nilitundika shuka jeupe ili mashine zisionekane. Saa tatu nikaingia. Tulikuwa kesi ishirini na kitu kwenye kioo kimoja, nyuso kama stempu. Nikaona uso wa mama ukumbini mwa mahakama, karibu sana na kamera ya mtu, amevaa kilemba cha kanisani. Nikamwona na yeye, baba wa binti yangu, kwenye gari. Tuliitwa saa tano kasorobo. Wakati wote huo nilikuwa nimesimama.

Wakili wake alikuwa kijana wa sauti nzuri.

"Mama, unaiona fomu hii? Picha hii ni yako?"

"Ndiyo."

"Mwandiko ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Soma kisanduku cha kumi na moja."

"Idadi ya watoto."

"Na jibu ulilolitoa?"

"Sifuri. Mheshimiwa, naomba nieleze, kwenye aya ya ishirini na mbili ya jibu langu nime—"

"Utapewa nafasi," hakimu akasema. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mafua.

"Kwa hiyo," wakili akasema, "kwa mkono wako mwenyewe uliuambia ulimwengu kwamba huna mtoto."

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa na jibu la aya nzima, nimelikariri mpaka kwenye ndoto. Nikafungua mdomo, na mlango mzito nyuma yangu ukafunguliwa. Mtoto alikuwa ameamka. Alikuwa na pumu kidogo, nilisikia filimbi kifuani mwake kabla sijageuka. Alipita chini ya shuka, akalivuta, likaanguka, na mashine zote zikaonekana. Akanyoosha mikono. Nikambeba. Sikufikiri, mwili ulifanya wenyewe. Akaweka kichwa begani kwangu, akatazama kwenye simu zile nyuso zote, akaanza kuzihesabu kwa Kiarabu.

Hakimu akasogelea kioo.

"Mheshimiwa," wakili akasema polepole, kama mtu aliyeokota kitu, "naomba iandikwe kwamba mdaiwa amembeba mtoto. Mama, huyo ni mtoto wa nani?"

"Wa mwajiri wangu."

"Anaonekana anakupenda sana."

"Anaumwa," nikasema. "Naomba dakika moja nimpe dawa."

Mbele ya mahakama ya Kenya nikamtikisia mtoto wa watu pampu, nikahesabu mipulizo miwili, nikamshikia kidevu. Nilimwona mama akinitazama kwenye kile kidirisha kidogo. Hakuwa amewahi kuniona na mtoto mikononi tangu niondoke. Akainama, kilemba kikajaza kidirisha chote, na nikajua analia.

Hakimu akapenga kamasi. Kisha akamgeukia baba wa binti yangu. "Na wewe bwana, mbona uko kwenye gari?"

"Niko kazini, Mheshimiwa."

"Unaendesha?"

"Hapana, nimepaki. Nasubiri watoto."

"Watoto gani?"

"Wa bosi. Wako kwa mafunzo ya kuogelea."

"Unawasubiri mpaka lini?"

"Mpaka wamalize, Mheshimiwa. Halafu nawapeleka kula."

Nilisubiri wakili aombe hilo nalo liandikwe. Nilisubiri hakimu aseme neno. Kalamu yake haikusogea. Mimi kubeba mtoto wa mtu ilikuwa ushahidi, yeye kusubiri watoto wa mtu ilikuwa kazi. Nikasema hivyo. Nilisema kwa sauti ya juu, bila aya, bila nambari ya kifungu, na kurasa kumi na mbili zikiwa zimeanguka sakafuni kwenye maji ya mashine. Nikasema niliandika sifuri kwa sababu hakuna anayeajiri matiti yenye maziwa. Nikasema fomu yake ya udereva haikuwa na kisanduku cha watoto, kwa hiyo hakuhitaji kudanganya. Nikasema mamangu anaanguka na ni kweli, na mtoto anachota maji na sikuambiwa, na mimi sijui anavaa kiatu namba ngapi. Mtoto niliyembeba akaniwekea kiganja mdomoni ninyamaze.

"Mama, punguza sauti," hakimu akasema. "Nimekusikia."

Uamuzi ulisomwa wiki tatu baadaye, nikiwa nimerudi Riyadh, baada ya afisa wa watoto kutembelea nyumba zote mbili. Mtoto abaki kwa nyanya mzaa mama, kwa kuwa ndiye amemzoea. Ila kwa sababu ya afya ya bibi, mama mzazi arudi nchini na kukaa na mtoto kabla ya muhula wa kwanza kufunguliwa. Asiporudi, mtoto apelekwe Machakos.

Mama akapiga kigelegele kwenye simu. Nilishinda. Watu wa kanisa walimletea sukari. Mimi nilikaa juu ya kifuniko cha choo nikausoma uamuzi tena, nikitafuta sentensi inayomwambia baba arudi kufikia tarehe fulani. Nilirudi mwanzo mara tatu. Alipewa likizo za Aprili na Desemba, kwa niaba yake mtoto akae Machakos na nyanya wa huko. Hakutakiwa kuhama hata kiti cha gari.

Mkataba wangu ulikuwa na miezi kumi na minne mbele. Kutoka kabla ya hapo kunahitaji kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, akupe ruhusa ya kuondoka kabisa, huruji, na kafili wangu ni madam. Na madam hakujua nina mtoto. Nilitafuta njia ya kumwambia bila kumwambia. Nilifikiria kusema mama anakufa. Wengi husema hivyo na hufanya kazi. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo, nikaona ninavyojua kudanganya vizuri, nikachoka.

Nilimkuta jikoni asubuhi, mtoto akiwa shule, anakunywa kahawa amesimama.

"Madam, nina mtoto."

Akadhani nina mimba. Akaweka kikombe. "Nani amekufanyia hivyo?"

"Nyumbani, madam. Ana miaka sita. Nilikuwa naye kabla ya kuja."

Akahesabu. Niliona anavyohesabu, mpaka hesabu ikafika kwa binti yake mwenyewe. Kisha akauliza ni nani aliyeandika ile fomu, nikamwambia ni mimi, na akavuta kiti akakaa.

"Miaka minne," akasema. "Umelala na binti yangu kitanda kimoja akiwa na homa. Na hukusema."

"Ungenichukua?"

Akili yake ilikuwa imeshakimbia mbele, na nilijua imekwenda wapi kabla hajafungua mdomo. Kwa daftari. Kama mwandishi wake ni mwongo kwenye jambo la mtoto, wakili wa baba atasema nini kuhusu kurasa mia mbili za mipulizo na usingizi?

"Hakuna atakayejua," akasema. "Utakaa. Hukumu yangu ni baada ya Ramadhani. Baada ya hapo, halas, nakupa huruji, nakupa tiketi, nakupa zawadi ya mtoto. Miezi michache tu."

"Shule inafunguliwa Januari, madam."

"Wewe unaelewa nikimpoteza itakuwaje. Katika nyumba hii wewe ndiye unayeelewa."

"Naelewa."

"Basi ngoja."

Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia asubuhi ile, na sijui hata kama alistahili yote. Alikuwa na nywele hazijachanwa. Alikuwa anaogopa kile nilichokuwa nakiogopa mimi, kwa kiasi kilekile. Na katika hofu hiyo hakuona kitu cha ajabu katika kunitaka nimpoteze wangu ili yeye asimpoteze wake. Alinisihi kwa upole. Hata alinishika mkono.

"Madam," nikasema, "ukininyima huruji nitakwenda mwenyewe kwa wakili wa baba, nimwambie nina mtoto."

Akauachia mkono wangu.

Mimi ambaye sijawahi kuchelewesha hata uji. Nilisema hivyo, na ningefanya. Ningempokonya mtoto niliyemlea miaka minne mama yake, na ningemwandikia baba ukurasa safi bila kosa. Wanaonisoma wanione jinsi nilivyo. Sikuwa mwema pale. Sikutaka kuwa.

Siku mbili madam hakusema nami. Aliagiza kupitia mtoto: mwambie alete maji, mwambie azime taa. Siku ya tatu aliingia chumbani kwangu, mara ya kwanza kabisa, akasimama mlangoni na simu yake, akanionyesha kibali kwenye kioo bila kunikabidhi. Tarehe ilikuwa katikati ya Desemba. "Utamfundisha atakayekuja," akasema, "kila kitu." Nikasema naam, madam. Wiki zilizobaki nililala vibaya, nikiota kwamba amekibatilisha.

Jioni ya siku ile ya kibali nilimpigia mama simu, akampa binti yangu. Nikamwambia nakuja.

"Kuja kututembelea?"

"Kuja kukaa."

"Siku ngapi?"

"Sirudi tena huku. Nakuja kukaa kabisa."

Nilisikia kuku, na redio ya jirani. Nilikuwa nimejiandaa kwa furaha, hata nilikuwa nimefikiria nitasema nini akilia kwa furaha.

"Kwa hivyo kukhu anaenda wapi?" akauliza.

"Haendi popote."

"Si ulisema unakuja kukaa?"

"Tutakaa wote watatu."

"Mimi nalala na kukhu," akasema, kwa sauti ya kujihami, kama nimeshafika mlangoni na sanduku. "Kitanda ni kimoja."

Hasira yote niliyokuwa nayo haikuwa na mahali pa kwenda. Huyu hakunidai chochote mahakamani. Hakujua hata kwamba amegombaniwa.

"Nitalala kwa kochi," nikamwambia.

Akafikiri. "Kochi imevunjika mguu. Tumeweka matofali."

"Sawa."

"Na usigeuke sana," akasema, akamrudishia kukhu simu.